Siku ya Kura Ulikuwa Wapi?

Hotuba hii ilitolewa Kirumba, Mwanza, Machi 2025, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba mwaka huo, mbele ya wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wapangaji na vijana wa vijiweni. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mwangaluka!

Upande huu wa akina mama mmeitikia vizuri. Wanaume mliojibanza kule kivulini sijawasikia. Mwangaluka tena!

Haya, sasa tuko pamoja. Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu mliokuja moja kwa moja kutoka mwaloni na magamba ya samaki bado yako kwenye kanga, kaka zangu wa bodaboda mnaonisikiliza kwa sikio moja huku la pili likisubiri abiria: nashukuru kwa kuja. Najua wengine mmeacha biashara mezani.

Nimeombwa nizungumzie mwitikio wa wapiga kura katika chaguzi zetu za hapa jijini, yaani za madiwani na za mitaa. Na ninyi mnajua jambo hili huwa linazungumzwaje. Kila uchaguzi ukiisha, redioni utasikia, kijiweni utasikia, hata msibani utasikia: watu wa mjini wavivu, vijana hawana uzalendo, wanajua mpira tu. Mimi sikubaliani na maneno hayo. Kabla hujamwita mtu mvivu, muulize kwanza swali moja: siku ya kura ulikuwa wapi? Muulize, halafu unyamaze umsikilize. Majibu utakayoyapata yatakushangaza.

Nianze na namba, maana namba ndizo zilizotupotosha.

Mwaka 2015 daftari la taifa lilikuwa na wapiga kura milioni 23 na ushei. Waliopiga kura walikuwa milioni 15 na laki tano na zaidi. Hiyo ni asilimia 67. Mwaka 2020 daftari lilikuwa na watu karibu milioni 30, wakapiga kura milioni 15 na kidogo. Asilimia 51, haifiki kamili. Watu wakashika vichwa: tumetoka 67 tumeangukia 51! Nchi imechoka! Vijana wamekata tamaa!

Sasa tulieni tuhesabu pamoja, kama tunavyohesabu ndoo za dagaa. Mwaka 2015, milioni 15 na nusu. Mwaka 2020, milioni 15. Waliopungua ni kama laki tano nchi nzima. Laki tano si wachache, lakini si wao walioiangusha asilimia kiasi hicho. Kilichoiangusha ni daftari. Lilinenepa kwa watu milioni sita na nusu ndani ya miaka mitano, na masanduku ya kura hayakunenepa nalo. Kwa hiyo swali la maana ni hili: hao milioni sita na nusu ni akina nani, na siku ya kura walikuwa wapi?

Wengi ni vijana waliofikisha miaka 18. Wengine, tuseme ukweli, huenda hawako tena duniani, maana daftari lolote hubaki na majina ya marehemu mpaka ndugu aende kuyafuta, na nani kati yetu akitoka kuzika huwaza daftari la kura? Na wengine wapo hai, wazima, wana kadi mfukoni, ila wako kwingine. Hao walioko kwingine ndio mazungumzo yangu ya leo.

Rudini nyuma kidogo, mwaka 2010. Mwaka ule asilimia ilikuwa 43 tu. Milioni nane na laki sita walipiga kura kati ya milioni 20 walioandikishwa. Daftari lile lilianzishwa 2004, likawa linaongezewa majina tu. Ulipofika 2015 tukaandikishwa upya sote kwa alama za vidole, mnakumbuka foleni zile, na asilimia ikaruka hadi 67. Je, Watanzania walipata uzalendo ghafla? Kampeni za 2015 zilikuwa za moto, sikatai. Lakini daftari nalo lilikuwa jipya, na mtu alikuwa ameandikishwa pale alipokuwa anaishi, si pale alipoishi miaka sita iliyopita.

Na mwaka huohuo wa 2010, mwaka wa asilimia 43, hapa Mwanza kulitokea nini? Wazee wanakumbuka. Nyamagana, Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliangushwa na Ezekiel Wenje. Ilemela, Highness Kiwia akachukua jimbo. Viti vyote viwili vya jiji vikabadilisha chama siku moja, katika uchaguzi ambao nchi nzima watu wengi hawakwenda vituoni. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba wapiga kura wakiwa wachache basi hakuna kinachotokea. Yanatokea makubwa, isipokuwa yanaamuliwa na wachache, na wewe unaletewa matokeo ukiwa mwaloni.

Sasa tuje kwa diwani.

Ndugu zangu, siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Diwani anapanda gari la rais. Watu wamekuja kwa ajili ya rais, wakifika wanamalizia na diwani. Ukitaka kujua diwani ana mvuto gani akiwa peke yake, tazama uchaguzi mdogo. Hata mbunge, mwenye jina kubwa kuliko diwani, akisimama peke yake hali huwa mbaya. Kinondoni, Dar es Salaam, Februari 2018: daftari lilikuwa na zaidi ya watu laki mbili na nusu, waliopiga kura ni kama elfu 45. Katika kila watu sita, aliyefika ni kama mmoja tu! Jimbo la katikati ya jiji, vituo viko mtaani kwako, magari ya matangazo yanazunguka mchana kutwa.

Wala si sisi tu. Los Angeles kule Marekani, mwaka 2013 walimchagua meya wa jiji lao katika uchaguzi uliosimama peke yake, na waliojitokeza hawakufika robo ya walioandikishwa. Wakaamua kuusogeza ufanyike pamoja na chaguzi za taifa. Sisi jambo hilo tunalo tayari kwa diwani. Kwa mwenyekiti wa mtaa hatuna.

Je, diwani ni mtu mdogo? Hebu tumpime. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana. Kata ziko 18. Kwa wastani diwani mmoja ana watu elfu 33, na wewe mama unayelipa ushuru wa meza, kiwango cha ushuru huo kinapitishwa na baraza la madiwani. Sheria ndogo za jiji zinapitishwa na baraza. Bajeti ya jiji, baraza. Na meya? Meya humchagui wewe. Anachaguliwa na madiwani wenyewe kwa wenyewe ndani ya ukumbi, na wewe utasikia tu kwamba tumepata meya. Usipomchagua diwani, umesusa karatasi mbili kwa mpigo.

Nilikaa na mama mmoja pale Igogo, anakaanga samaki jioni. Nikamuuliza, mama, rais wako nani? Akanitazama kama namdhihaki. Mbunge? Akamtaja, na maneno mengine mawili ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazee. Diwani? Akageuza samaki. Akageuza wa pili. Akasema, "Huyo nilimwona kwenye kampeni." Nikauliza, mwenyekiti wa mtaa je? Akanyanyuka, akafungua mlango wa chumba chake, akanionyesha nyuma ya mlango: namba ya simu imeandikwa kwa mkaa, tarakimu kubwa, ukiingia gizani unaiona. Ya mwenyekiti. Kwa sababu mtoto akitaka kitambulisho, barua ni kwa mwenyekiti. Akitaka kumdhamini ndugu yake, mwenyekiti. Jirani akimwaga maji machafu kutoka juu ya mawe yakashukia jikoni kwake, mwenyekiti.

Nikamuuliza swali la mwisho: Novemba ulimpigia kura? Akasema, "Nilienda na kichinjio changu, kadi yangu ya kura, wakaniambia jina halipo."

Mnacheka, lakini nyanyueni mikono. Wangapi hapa Novemba mwaka jana mlikwenda na kichinjio, mkaambiwa jina halipo? ... Mnaona? Mnaona wenyewe. Mama wa Igogo hayuko peke yake.

Naomba hapa tuelewane vizuri, maana ndipo tunapoteza watu wengi zaidi. Tuna madaftari mawili. Narudia: mawili! La kwanza ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ni la Tume ya Uchaguzi, ndilo linalokupa ile kadi, na linatumika kumchagua rais, mbunge na diwani. La pili ni orodha ya wapiga kura wa mtaa. Hiyo iko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, inaandikwa upya kila uchaguzi wa mitaa, haikupi kadi yoyote, jina linabandikwa ukutani basi. Mwaka jana uandikishaji wa orodha ya mtaa ulikuwa siku kumi, tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kura ikawa tarehe 27 Novemba. Na Agosti, miezi miwili tu kabla ya hapo, Tume ilikuwa imepita hapahapa Mwanza kuboresha lile daftari jingine, watu wakapanga foleni, wakapiga picha, wakaweka vidole. Sasa mtu aliyepanga foleni Agosti, Oktoba akisikia gari linatangaza "jiandikishe", atafikiri nini? Atasema, mimi nilishajiandikisha. Atakunywa chai yake.

Novemba anafika kituoni amevaa vizuri, kichinjio amekitia kwenye nailoni kisilowe. Jina halipo. Anageuka.

Na sikilizeni hili, maana ni jambo la ajabu. Mtu huyo hahesabiki popote. Asilimia ya mwitikio inahesabiwa kwa walioandikishwa kwenye orodha. Yeye hakuandikishwa, kwa hiyo si miongoni mwa waliopiga kura, wala si miongoni mwa waliokosa kupiga kura. Mtaa unaweza kutangaza mwitikio mkubwa wa kutisha, na yule mama wa Igogo asionekane upande wowote. Ndiyo maana mimi nikisikia asilimia ya uchaguzi wa mitaa, iwe kubwa iwe ndogo, huuliza kwanza: ya wangapi?

Sasa wapangaji. Wapangaji mpo? Mbona mnajificha? Leo mwenye nyumba hayupo.

Jiji hili linahama, ndugu zangu. Sensa ya 2012 Nyamagana ilikuwa na watu 363,452. Miaka kumi baadaye, 594,834. Ni ongezeko la asilimia zaidi ya 60. Na Ilemela hapa tulipo tumetoka 343,001 hadi 509,687. Na watu hawa hawakai tulii. Mtu anaanzia Mabatini, chumba kimoja juu ya mawe, maji ya kupandisha kwa ndoo. Kodi ikipanda anasogea Igoma. Akipata kiwanja anakwenda Kishili, au Buhongwa, au Lwanhima, anainua chumba na sebule, anahamia kabla hata ya kupiga plasta. Amehama yeye, mke, watoto, kuku na kabati. Kitu kimoja hakijahama. Kipi?

Kura yake! Bado iko Mabatini.

Kwa rais haijalishi sana, rais ni yuleyule ukiwa Mabatini au Kishili. Kwa diwani inajalisha mno. Barabara mbovu iko Kishili, na karatasi yake ya diwani iko Mabatini. Asubuhi ya siku ya kura anapiga hesabu: nauli kwenda, nauli kurudi, foleni ya saa mbili, kumchagua diwani wa kata ambayo sikai. Akibaki nyumbani kumwagilia mchicha, huyo ni mvivu? Mimi namwona ni mtu aliyepiga hesabu vizuri kwa taarifa alizonazo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema kwamba kura inahamishwa, kwamba daftari linapofunguliwa unakwenda na kadi yako kwenye kituo cha huko ulikohamia, wanabadilisha taarifa, umekwisha. Huhitaji kurudi Mabatini kuaga.

Wanafunzi nao ni wapangaji wa namna yao. Mwaka 2010 wanafunzi wengi walijiandikisha vyuoni, halafu vyuo vikafunguliwa baada ya uchaguzi kupita. Kijana kadi yake ni ya Malimbe, yeye yuko kwao Bukoba. Vijana wa SAUT, chuo kikuu cha hapo Malimbe, nawaona wawili watatu hapa. Wenzenu waambieni waangalie kalenda ya chuo kabla ya kuchagua kituo. Nisikae sana hapo.

Maana nataka kukaa na wavuvi.

Wavuvi wa dagaa mko wapi? Leo mko wengi. Na kwa nini mko wengi? Kwa sababu mbalamwezi imetoka, mitumbwi imepumzika! Ingekuwa wiki ya giza, ningekuwa naongea na wake zenu tu.

Kwa wale wa maofisini ambao hawajui, nieleze. Dagaa wa ziwa letu anavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Usiku ukiwa wa giza, taa ndiyo mwanga pekee juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini yake, unazungusha nyavu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, taa haina kazi, nyavu zinapanda na maji. Kwa hiyo mvuvi wa dagaa ana kalenda yake. Wiki za giza yuko kambini: Kome, Maisome, visiwa vya Ukerewe, wengine wanafika hadi Goziba. Usiku ziwani, mchana amelala kwenye kibanda. Wiki ya mbalamwezi anarudi kwake, anapata mgao wake, anashona nyavu, anajua watoto wamefikia darasa la ngapi.

Mzee mmoja wa Igombe, mvuvi tangu ujana wake, ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa namwuliza maswali yangu ya kisomi, kwa nini wavuvi hawapigi kura ya mitaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachomoa sindano ya nyavu mdomoni, akasema: "Ng'wanawane, mwanangu, hao wanaopanga tarehe, huwa wanatazama mwezi?"

Nikaenda kutazama mwezi. Na ninyi leo nataka mtazame pamoja nami.

Uchaguzi mkuu wa 2015 ulikuwa tarehe 25 Oktoba. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 27. Mbalamwezi! Wavuvi wako nyumbani. Uchaguzi mkuu wa 2020, tarehe 28 Oktoba. Mwezi mpevu, tarehe 31. Mbalamwezi! Wavuvi wako nyumbani. Sasa njoo kwenye chaguzi za mitaa. Mwaka 2019, tarehe 24 Novemba. Mwezi mwandamo, tarehe 26. Giza! Mwaka 2024, tarehe 27 Novemba. Mwezi mwandamo, tarehe 1 Desemba. Giza! Chaguzi mbili za mitaa mfululizo zimeangukia giza, wakati vijana wote wa mitumbwi wako visiwani wanatafuta riziki.

Sisemi kuna mtu alikaa ofisini akapanga hivyo. Wala sidhani. Wala sisemi kwamba asilimia ya taifa inapandishwa na kushushwa na mwezi. Dodoma hakuna dagaa. Nasema hivi: kwa Kayenze, kwa Igombe, kwa Luchelele, kwa mialo yote ya ziwa hili, mwezi unaamua nani yuko nyumbani siku ya kura, na hakuna mtu anayeutazama. Serikali ilitangaza tarehe 27 Novemba kuwa mapumziko ili watu wapate nafasi ya kupiga kura. Tunashukuru. Mwajiriwa wa benki akapumzika. Lakini mapumziko ya mvuvi wa dagaa hayatangazwi na mtu. Yanakuja na mwezi. Ukimpa likizo katikati ya giza umempa nini? Tajiri mwenye mtumbwi hawezi kulaza taa usiku ambao dagaa wapo. Na kijana akiacha usiku huo, amekosa mgao, na nafasi yake mtumbwini inachukuliwa na mwingine kabla ya jua kuzama.

Hata uandikishaji nao una mwezi wake. Daftari la Kudumu linapita siku saba katika eneo. Saba tu! Mvuvi akiwa kambini siku hizo, basi, mpaka awamu nyingine. Au anajiandikisha hukohuko kisiwani, na hapo ndipo penye mtego, maana siku ya kura mwezi ukimkuta nyumbani Igombe, kituo chake kiko Maisome, ng'ambo ya maji. Ana kadi, ana nafasi, ana hamu. Hana boti.

Siku ya kura alikuwa wapi? Alikuwa upande usiofaa wa ziwa.

Kuna wanaonisikiliza hapa wananung'unika, na nimewasikia: mbona huwasemi wanaokaa nyumbani kwa makusudi? Nitawasema. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua karibu mitaa na vijiji vyote. Mwaka 2020 wabunge zaidi ya ishirini walipita bila kupingwa, na madiwani wengi sana. Mwaka jana malalamiko ya kuenguliwa yakarudi. Sasa ukiwa na karatasi yenye jina moja, au usiwe na karatasi kabisa kwa sababu mtu kapita bila kupingwa, utaambiwa wewe ndiye mvivu? Mtu wa aina hii ana sababu yake, na kumhubiria uzalendo ni kumtukana. Mgombea wake aliondolewa, na yeye akaondoka naye. Anayetaka arudi, amrudishie mgombea.

Kuna badiliko moja ambalo wengi hamjalisikia. Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 imeondoa kupita bila kupingwa. Mgombea akibaki peke yake, hata wa udiwani, lazima apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua. Kama inatosha, hilo tunabishana na tutaendelea kubishana. Wapo wanaosema bila mageuzi makubwa uchaguzi wa Oktoba usifanyike, na wana hoja zao. Mimi leo sikuja kuwaambia mpige kura au msipige. Nimekuja kuhakikisha kwamba asiyepiga awe ameamua mwenyewe, si kwamba ameamuliwa na nauli, au na orodha ya ukutani, au na mwezi.

Basi tuje kwenye ya kufanya, kwa sababu mama zangu wanatazama jua na dagaa wameanikwa.

Daftari la Kudumu kisheria linaboreshwa mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Awamu ya kwanza ilitupitia Agosti. Ya pili bado, na lazima ipite kabla ya Oktoba. Itakuwa siku chache tena, msitegemee wiki tatu. Wapangaji mliohama: hiyo ndiyo nafasi yenu ya kuhamisha kura. Unaweza kuanzia kwenye simu kupitia mfumo wa Tume, lakini lazima umalizie kituoni, vidole havitumwi kwa simu. Waliofiwa: chukueni kadi ya marehemu, nendeni mkalifute jina lake. Si kazi ya kufurahisha, najua. Waliofikisha miaka 18 tangu Agosti, na watakaofikisha kabla ya siku ya kura: msingoje gari la matangazo, magari yale yanapita barabara ya lami, huko juu ya mawe Bugarika hayapandi.

Na wavuvi. Tarehe ya uchaguzi haijatangazwa. Mwezi umeshatangazwa. Oktoba mwaka huu mwezi mpevu ni tarehe 7, na giza kuu ni tarehe 21. Uchaguzi wetu mkuu kwa kawaida huangukia wiki ya mwisho ya Oktoba. Pigeni hesabu wenyewe. Safari hii mwezi hautawaleta nyumbani kama 2015 na 2020. Mwezi utakuwa ndiyo kwanza unachomoza baada ya giza, taa bado zinavua, na kambi zimejaa. Kwa hiyo mvuvi anayejua atakuwa Kome mwishoni mwa Oktoba, aandikishwe Kome, ampigie diwani wa Kome anayesimamia choo na zahanati ya kambi yake. Na yule ambaye familia, shule ya watoto na kiwanja viko Igombe, na anataka sauti Igombe, ajiandikishe Igombe lakini apatane mapema na tajiri wake.

Nasema apatane na tajiri, kwa sababu mwenye mtumbwi ndiye mwenye ufunguo hapa. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi, vinafungwa saa kumi jioni. Mtumbwi ukitia nanga alfajiri, dagaa wakashushwa, kijana akapewa boti ya kumvusha badala ya kuambiwa alale kwa ajili ya usiku unaofuata, anapiga kura na jioni anarudi kazini. Ni usiku mmoja wa kuchelewa, tena pengine hata hachelewi. Wenye mitumbwi mko saba hapa mbele, nimewahesabu kwa kofia. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, ameniambia mmeshaanza kulizungumza na kwamba hamjakubaliana nani atalipa mafuta ya boti. Kaka, chukua kipaza sauti, waeleze mmefikia wapi.